Sindano ya ubongo haimkingi bondia

Chupa ni ndogo, bei si ndogo, na lebo inasema bidhaa ni ya utafiti wa maabara tu, si ya kutumiwa na binadamu. Lakini wanaoiagiza mtandaoni ni binadamu, na wamo wanamichezo. Wanaahidiwa umakini, kumbukumbu kali na, kwa bondia au mchezaji wa raga, ubongo usiodhurika hata kichwa kikigongwa.

Kinachouzwa huitwa peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Katika kundi la ubongo inayosifiwa sana ni Semax, iliyobuniwa Urusi, ambako hutumika kama matone ya pua kwa wagonjwa wa kiharusi. Jirani yake dukani ni Cerebrolysin. Hii hata haitengenezwi kwa kuunganisha kemikali, hutolewa kwenye ubongo wa nguruwe. Mchezaji Mwislamu akichomwa sindano hiyo bila kuelezwa, ana kila haki ya kuwaka.

Dawa ya mgonjwa aliyelazwa si kofia ya chuma. Ubongo huumia kwa kutikisika ndani ya fuvu, na hakuna peptidi iliyothibitishwa kuzuia mtikisiko huo. Hatari kubwa ni imani inayokuja na sindano. Bondia aliyepigwa nokauti Jumamosi anaambiwa “umeshalindwa”, Jumatano yuko mazoezini anapokea makonde mengine kabla ubongo haujapona. Hapo ndipo watu wanapoharibika kabisa.

Kuna na upande wa sheria. Orodha ya Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani (WADA) ina kipengele kinachoitwa S0, kinachokataza wakati wote dawa ambayo haijaidhinishwa na mamlaka yoyote ya afya kwa tiba ya binadamu. Haisaidii kusema jina lake halimo: linaweza lisiwemo na mchezaji akafungiwa vilevile. Peptidi ya BPC-157, inayosifiwa kwa kuponya majeraha, ilitajwa humo kwa jina mwaka 2022. Na kilichokutwa mwilini ni cha mchezaji, hata kama sindano ilishikwa na mwingine.

Waulizwe Essendon, klabu kongwe ya soka la Australia. Msimu wa 2012 wachezaji wake walipitishwa kwenye mpango wa sindano uliosimamiwa na mtaalamu wa sayansi ya michezo, Stephen Dank. Walisaini fomu za kukubali, wakaambiwa kila kitu kiko sawa. Peptidi iliyowaponza, thymosin beta-4, ilikuwa ya kuharakisha kupona, si ya ubongo, lakini mlango walioingilia ni huu huu: amini mtaalamu, nyoosha mkono. Machi 2015 jopo la ligi liliwaachia. WADA ikakata rufaa, na Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikawafungia wachezaji 34, waliokuwepo na waliokwisha kuondoka, miaka miwili. Klabu ilikuwa imeshapigwa faini ya dola milioni 2 za Australia na kuondolewa kwenye mtoano wa 2013. Kumbukumbu za kuonyesha kwa uhakika nani alichomwa nini hazikuwepo. Jamani, klabu ya kulipwa!

Yaliyowapata wale yanaweza kuipata kambi yoyote ya ngumi au timu yoyote ya Afrika Mashariki, maana kanuni ni ile ile. Kila klabu iwe na daktari mmoja anayeandika kila kinachoingia mwilini mwa mchezaji, na mchezaji abaki na nakala. Asiyeweza kutaja dawa kwa jina na kuonyesha inakotoka asiruhusiwe kushika sindano, awe kocha, mfadhili au “dokta” wa mtaani.

Kwa kichwa kilichogongwa, njia ipo na haiuzwi kwa chupa. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka mabadiliko ya ziada ya kudumu kwa mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Timu haipotezi nafasi yake ya kawaida ya kubadilisha. Ligi ambayo haijaiweka kwenye kanuni zake iiweke kabla ya msimu ujao, na waamuzi wa ngumi wasione haya kusimamisha pambano mapema.

Jobe Watson, nahodha wa Essendon, alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2012. Novemba 2016 aliirudisha medali.