Simu Isiyosikia Kiswahili Haina Ujanja Wowote

Wasee, tuambiane ukweli leo. Hiyo simu uko nayo mkononi inaitwa janja. Inatambua uso wako gizani, inajua ulipita wapi jana, inahesabu hadi hatua zako ukienda dukani. Sasa mpe shosho yako aishike, halafu aiambie kwa Kiswahili chake safi, "Nisomee ujumbe wa mwisho." Uone kama huo ujanja hautaisha hapo hapo.

Siri ilitoka 2011. Tangu hapo imejifunza Kinorwe na Kifini. Finland, nchi nzima, ina watu wasiofika milioni 6. Sisi Kenya pekee tulihesabiwa 2019 tukapatikana milioni 47.6, na hapo hujagusa Tanzania wala Kongo. Kiswahili bado kinangoja nje ya mlango. Kisha kila tarehe 7 Julai tunapost mabango ya Siku ya Kiswahili Duniani kwa simu ambazo hazielewi ukiziambia "hebu piga simu nyumbani".

Na msiniambie ati lugha yetu ni ngumu kwa mashine. Google iliweka kuandika kwa sauti kwa Kiswahili tangu 2017. Ukifungua kibodi yake, unaongea, maneno yanajiandika. Akili bandia za siku hizi ukiziuliza swali kwa Kiswahili zinajibu, tena kwa mbwembwe. Kwa hivyo uwezo upo. Kile hakipo ni mtu wa kumaliza kazi. Kujibu maswali ni kitu kimoja, na kufungua apu, kubonyeza kitufe, kusoma salio na kutuma pesa kwa amri ya sauti ni kitu kingine kabisa. Kwetu hiyo ya pili ndiyo imeachwa nusu.

Kwangu na kwako hii ni usumbufu mdogo tu. Kuna watu ambao kwao ni maisha.

Niko na rafiki tulisoma naye chuo. Haoni tangu utotoni. Anatumia kisoma skrini, ile programu iko ndani ya simu nyingi tayari: kwa Android ni TalkBack, kwa iPhone ni VoiceOver, na zote mbili zimekuwako tangu 2009. Unapitisha kidole kwa skrini, simu inakusomea kilicho chini ya kidole, ukigonga mara mbili kinafunguka. Huyu jamaa amepandisha kasi ya ile sauti hadi mimi nikisikiliza nasikia nyuki tu, lakini yeye anaelewa kila neno. Kwa simu ananishinda mbali.

Siku moja alifungua apu ya benki fulani, sitaitaja. Akagusa juu: "Kitufe." Akagusa katikati: "Kitufe." Akagusa chini: "Kitufe." Kila mahali kitufe, hakuna chenye jina. Kipi cha kutuma, kipi cha kufuta, kipi cha kukopa? Hajui, na apu haisemi. Mwishowe alimpa jirani simu, akamtajia na namba ya siri, ili kodi ya nyumba ilipwe kabla mwenye ploti aanze kupiga simu. Mtu mzima, na digrii yake, anatangaza siri ya pesa zake kwa sababu mtu fulani ofisini aliona uvivu kuandika neno "Tuma".

Na ni uvivu kweli, sitafuti neno lingine. Kukipa kitufe jina ambalo kisoma skrini kitalisoma ni mstari mmoja tu wa msimbo. Mstari mmoja! Kampuni inapata wakati wa kubadilisha rangi ya nembo, kuweka theluji skrini nzima ikifika Krismasi, na sisi theluji tunaiona juu ya Mlima Kenya tu. Lakini huo mstari mmoja ati ulikosa bajeti.

Najua watakachosema: soko la watu wenye ulemavu ni dogo. Haya, tuhesabu. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 918,270 wa miaka mitano na zaidi wanaoishi na ulemavu. Kuna kaunti nzima hazifikishi hiyo idadi. Hao ni wateja, ni wapiga kura, ni wanafunzi, ni mashabiki wa Gor na Ingwe.

Na hata hiyo hesabu imeacha wengi nje. Mama wa chapati ambaye mikono imejaa unga na simu inalia, anahitaji sauti. Mtu wa boda aliye barabarani hafai kuangalia skrini. Mzee ambaye macho yameanza kufifia, lakini hatawahi kujiita mlemavu, anahitaji sauti kuliko sisi sote. Mtu ambaye hakubahatika kukaa darasani, lakini anaendesha biashara yake kichwani bila kukosea shilingi, anahitaji sauti. Ukimtengenezea asiyeona, umewatengenezea hao wote bila gharama ya ziada. Na wewe pia siku moja utazeeka, hata kama leo unajiona utakuwa na miaka 21 milele.

Kitu kingine: kuleta Kiswahili kwa mashine si kuchukua maneno ya Kiingereza na kuyageuza. Mashine iliyotafsiriwa bila kufikiriwa itakuumiza. Uiambie, "Niamshe saa mbili asubuhi." Mswahili yeyote anajua hiyo ni saa ambayo jua limeshatoka na chai imeshanywewa. Mashine iliyolelewa kwa Kiingereza itakuamsha usiku wa manane, wewe na mbwa wa jirani. Sasa tuje kwa pesa. "Nitumie mia tano" na "mtumie mia tano" zimeachana kwa silabi moja mwanzoni. Ya kwanza ni mimi ninaomba, ya pili ni wewe unaagizwa utoe. Mashine ikisikia vibaya hapo, si kichekesho tena, ni doo za mtu zimeenda.

Halafu nani huongea Kiswahili cha mtihani mchana kutwa? Msee wa Umoja ataiambia, "Rushia mama mboga mia mbili." Mtu wa Mombasa atasema vyake, wa Kakamega vyake, na lafudhi ya Mluo si ya Mkamba. Mashine hujifunza kwa sauti inazolishwa. Kama hazijawahi kusikia sauti zetu, zitatuuliza "unasema nini?" hadi Yesu arudi. Hapo hata sisi tuna kazi. Mozilla wako na mradi unaitwa Common Voice, na Kiswahili kimo. Unasoma sentensi kwa sauti yako, unarekodi, unasikiliza na kukagua za wengine. Ni bure. Ile dakika kumi unapoteza ukibishana kwa komenti kuhusu nani ameachana na nani, inatosha kabisa kuchangia.

Kuna wale watasema, "Lakini watu wengi wako na kabambe tu." Kweli, na ndio maana naongea juu ya sauti. Kabambe haina apu za maana, lakini inapiga simu. Ofisi inaweza kuwa na namba ambayo mtu akipiga, anasikia Kiswahili kinachoeleweka, anasema shida yake kwa maneno yake, anajibiwa. Siyo ile ya "bonyeza moja, bonyeza mbili" hadi bonyeza tisa, halafu wimbo, halafu inakata. Na zile menyu za nyota na reli, ongezeni muda. Mtu anayesomewa na simu orodha ya vitu saba hawezi kujibu kwa kasi ya mtu anayeiona yote mara moja. Anafika kipengele cha tano, muda umeisha, anaanza upya kama mtu anayepanda mlima wa matope.

Sasa msinielewe vibaya. Sauti peke yake si dawa ya kila kitu. Kiziwi hawezi kuambiwa apige simu. Mwenye kigugumizi, au ambaye maneno yake hayatoki wazi kwa sababu ya kiharusi au ulemavu wa ubongo, hafai kufungiwa akaunti kwa sababu mashine imekataa kumtambua. Na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kutamka namba ya siri ndani ya matatu ya Rongai. Kwa hivyo sauti iwe mlango mmoja kati ya mingi: alama ya kidole kwa siri, maandishi kwa asiyesikia, vitufe vikubwa kwa mwenye mikono inayotetemeka. Mtu achague mlango wake. Shida yetu leo ni kwamba tumejenga mlango mmoja, tukauweka juu, tukaondoa ngazi.

Tena hii si hisani ati tunaomba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvuka vizuizi. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa. Ukisoma hivyo viwili pamoja, huduma ya umma isiyoweza kusomwa na kisoma skrini kwa Kiswahili inamnyima mtu haki mara mbili. Tangu 2022 tuko hata na kiwango rasmi cha Kenya, KS 2952, kuhusu bidhaa na huduma za teknolojia zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Karatasi ziko. Ni meno ndiyo hayajaota.

Na sisi watengeneza video, tusijifiche nyuma ya serikali. Tunapenda sana zile video za kumpa asiyeona fimbo nyeupe, muziki wa huzuni chini, machozi, halafu "like na ufuate". Lakini hiyo video yenyewe haina hata maelezo ya sauti, kwa hivyo mwenyewe akitafuta kujua ulimwonyeshaje, hawezi. Hakuna maandishi chini, kwa hivyo kiziwi anaona tu midomo inacheza. Umemtumia mtu kupata mashabiki, halafu umemfungia nje ya ukurasa wako. Hiyo ni biashara, usiiite roho safi.

Kwa hivyo nadai hivi, na mnaweza kunukuu. Benki na kampuni za simu: apu isitoke sokoni kabla mtu asiyeona aijaribu na atume pesa peke yake, na alipwe kwa hiyo kazi. Serikali: tovuti na huduma zenu zipimwe kwa KS 2952, matokeo yawekwe wazi, na anayefeli asipewe zabuni nyingine. Kampuni kubwa za ng'ambo: mnauza simu hapa, mnachukua pesa zetu hapa, basi simu isikie lugha ya hapa, tena bila kulazimisha mtu awe na bando ndipo isikie. Na wewe msomaji: weka maandishi kwa video yako ijayo na uandike maelezo ya picha zako.

Kama bado unaona napiga kelele, jaribu hivi usiku wa leo. Ingia kwa mipangilio, weka njia ya mkato ya kuzima TalkBack kwanza ndio usikwame, kisha uiwashe. Funga macho, vaa spika za masikio, halafu umtumie rafiki shilingi hamsini. Usichungulie. Ukimaliza, kama utamaliza, njoo kwa komenti uniambie ni apu gani ilikuita "kitufe, kitufe, kitufe". Tutaandika orodha, na tutawapelekea wenyewe.