Kelele za Mtoto na Pipa la Mafuta

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu hajawahi kumnyang'anya mtoto sufuria aliyokuwa akiigonga kwa mwiko? Tumechoka, kichwa kinauma, tunasema, "Acha fujo!" Mwezi huu tutafakari pamoja habari za kijana aliyegonga mabati mpaka dunia ikamsikiliza.

Jina lake ni Ellie Mannette. Alizaliwa mwaka 1927 huko Trinidad, kisiwa cha bahari ya Karibi kilichokuwa kikitawaliwa na Waingereza. Tangu miaka ya 1880 watawala walikuwa wamezibana kwa sheria ngoma za watu wenye asili ya Afrika, nao wakageukia kugonga mianzi. Miaka ya 1930 vijana wakaanza kugonga makopo na madebe.

Wazazi wengi hawakupenda. Vikundi vilipigana barabarani, polisi wakawaandama, na mpiga mabati akahesabiwa kuwa mhuni. Tusiwalaumu wazazi wale. Hofu yao ilikuwa na sababu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini vijana hawa walianza kwa kudharauliwa kwao.

Ellie alikuwa kiongozi wa kikundi cha Invaders, mtaa wa Woodbrook, mjini Port of Spain. Alijifunza ufundi wa mashine, akakijua chuma. Wakati bati lilikuwa likipigwa libinuke nje, yeye alilididimiza ndani kama bakuli, apate nafasi ya noti nyingi. Mwaka 1946 akachukua pipa kubwa la mafuta. Fimbo akazifunga mpira ili sauti iwe laini. Hakuwa peke yake. Winston "Spree" Simon, Neville Jules na Anthony Williams nao walichangia. Ndivyo ilivyopatikana ala iitwayo stilipani.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Kitako cha pipa hupigwa kwa nyundo nzito mpaka kibonyee. Sehemu za noti huchorwa, kisha pipa huchomwa moto. Ndipo fundi huanza kugonga kidogo kidogo kwa nyundo ndogo, huku ametega sikio. Akirekebisha noti moja, ya jirani yaweza kupotea, naye hurudia tena. Fundi mwenye hasira hawezi kazi hii. Je, malezi si hivyo hivyo?

Mwaka 1951 Ellie alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa London kupiga mapipa yao kwenye maonyesho makubwa ya Uingereza. Waliodharauliwa wakashangiliwa. Miaka hiyo hiyo wasichana wa kikundi cha Girl Pat nao walishika fimbo, ingawa wengi waliona si kazi ya binti wa nyumba nzuri.

Mwaka 1967 Ellie alihamia Marekani. Tangu mwaka 1991 alifundisha vijana ufundi wake katika chuo kikuu cha West Virginia, hakuuficha. Alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka 90. Nchi yake ilikuwa imekwisha kuitangaza stilipani kuwa ala ya taifa mwaka 1992, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 11 Agosti.

Dada mpendwa, hatusemi kila kelele ni kipaji. Mtazame mwanao. Je, anagonga kwa kuchoka tu, au anaitafuta sauti aliyoikosa jana? Akiharibu, hurudia? Ukiona hivyo, usimvunje moyo. Mpangie saa baada ya kazi za shule na za nyumbani, mpe mahali pake, tena ujue yuko na nani. Wazazi wa Trinidad walichohofia ni mapigano na marafiki wabaya. Hayo ndiyo ya kumkinga nayo mtoto, si sufuria.

Leo jioni akianza tena kugonga, tumsikilize kwanza dakika tano. Kisha tuamue.