Muuguzi akigeuka ngariba, leseni yake ya nini?

Shule zikifungwa Desemba, sisi Pwani mawazo yetu huwa kwenye harusi na wageni wa kutoka bara. Kule Kisii na Nyamira, msimu huo huo ndio wasichana wadogo wanapokeketwa. Na siku hizi anayekata mara nyingi si bibi kizee mwenye wembe. Ni nesi. Anaitwa nyumbani alfajiri, anavaa glavu, anadunga sindano ya ganzi, analipwa, anakwenda zake. Hakuna ngoma wala vifijo, na jirani hajui.

Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji haina utata. Anayekeketa hufungwa miaka isiyopungua 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Akimuua msichana, ni kifungo cha maisha. Aliyetoa nyumba itumike ana kosa, na aliyejua akanyamaza ana kosa. Daktari Tatu Kamau alikwenda Mahakama Kuu akitaka mwanamke mzima aachiwe hiari yake. Machi 2021 majaji watatu wakamkatalia.

Lakini kesi kortini yataka shahidi, na shahidi ni nani? Mama ndiye aliyelipa. Shangazi ndiye aliyemshika mtoto. Mtoto mwenyewe wa miaka tisa atasimama kizimbani amfunge mamake? Ndio maana naona tunapigia kelele polisi peke yao, huku tukiisahau leseni.

Muuguzi huyu haajiriwi kwa ustadi wa kukata, maana hakuna chuo kinachofundisha hayo. Anaajiriwa kwa sababu jina lake limo kwenye daftari la Baraza la Wauguzi la Kenya. Hilo ndilo analouza: imani. Mama aliyekuwa akisitasita, akisikia ni nesi, moyo unatulia. Baraza lina uwezo wa kumchunguza, kumsimamisha, hata kulifuta jina lake. Nidhamu ya kazi na jinai ni njia mbili, na sioni kwa nini ya kwanza ikae ikingojea ya pili miaka na miaka. Isitoshe, ile dawa ya ganzi imetoka wapi? Kama ni stoo ya hospitali ya umma, vitabu vya stoo vitasema, na vitabu havina shangazi.

Wako wanaosema afadhali nesi kuliko wembe wenye kutu. Hoja hiyo naielewa, siikubali. Ganzi inaondoa kilio cha siku ile, hairudishi kilichokatwa. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mkakati mwaka 2010 wa kuwazuia wahudumu wa afya wasiiguse kazi hii kabisa.

Leseni nayo ina mpaka wake. Muuguzi aliyestaafu hatishiki na kufutwa. Huyo ni wa polisi. Maafisa wa kliniki wana baraza lao jingine.

Nasi tusijitoe. Ukeketaji uko Tana River, na zahanati za mitaani zimejaa Kisauni na Likoni. Aliyesimamishwa bara aweza kuja kuomba kazi huku, hivyo mwenye zahanati alitazame daftari kabla ya kumpa koti jeupe. Wauguzi wa hospitali za umma Kisii na Nyamira ni waajiriwa wa kaunti. Nawauliza magavana wa huko: kufikia Novemba, ni majina mangapi mtakuwa mmeyapeleka kwa Baraza?