Ni Nani Ateremshaye Mvua?

Wapo miongoni mwetu, tena wengine ni viongozi wa misikiti, wasemao kwamba filamu za mashujaa wa katuni ni mchezo wa watoto usiostahili kuzungumzwa mbele ya watu wazima. Kauli hiyo haikubaliki. Mchezo wa watoto haudumu miaka sitini.

Kundi la X-Men lilibuniwa Marekani mwaka 1963 na Stan Lee na Jack Kirby. Halikupata soko la kutosha, na mwaka 1970 wachapishaji waliacha hadithi mpya wakawa wanarudia za zamani. Lilifufuliwa mwaka 1975 kwa mashujaa wapya kutoka nchi mbalimbali, na toleo moja la mwaka 1991 likauzwa nakala zaidi ya milioni nane. Filamu zilifuata mwaka 2000, na leo kijana wa Maili Moja au Mlandizi huziona katika kibanda umiza kwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, au hujaziwa katika simu yake kwa fedha ndogo.

Siri yake si ngumi wala moto. Hao ni watu waliozaliwa na vipawa, wakaogopwa na kutengwa na jamii, kisha mwalimu mmoja akawakusanya nyumbani kwake, akawapa majina na kazi. Kijana aliyefeli mtihani, asiye na ajira, akaripiwaye mlangoni mwa msikiti kwa sababu ya nywele zake, hahitaji kuelezwa utamu wa hadithi hiyo. Kwa hili watunzi wamewajua vijana wetu kuliko baadhi ya maimamu.

Lakini itazameni sumu iliyomo! Miongoni mwa hao wa mwaka 1975 yumo mwanamke aitwaye Storm, ambaye mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya. Vitabu vya katuni vinasimulia kuwa aliabudiwa huko Kenya kama mungu wa kike, watu wakimwomba mvua naye akiwateremshia. Mmarekani alipotafuta Mwafrika wa kumtia katika kundi lake, alichokiona Afrika Mashariki ni watu wanaomsujudia kiumbe. Msikiti wa Kaole, ambao magofu yake yako hapo Bagamoyo tangu karne nyingi, haukumjia akilini. Katika filamu ibada hiyo haionekani sana, ila mawingu yanaendelea kumtii.

Nasi wa Kisarawe tusijifanye wageni wa jambo hili. Wazee wa Uzaramo walikuwa wakisafiri hadi milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Masheikh wametumia umri wao kuwatoa watu huko.

Watasema: mtoto anajua kuwa si kweli. Naam, anajua. Basi mwulizeni mtoto huyo huyo swala ya kuomba mvua ina rakaa ngapi.

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) akihutubu, akalalamikia ukame. Mtume hakuyaamrisha mawingu. Aliinua mikono akamwomba Mola wake, mvua ikanyesha hadi Ijumaa iliyofuata, ndipo akaombwa aombe izuiwe. Hiki ni kisa cha kumkalisha kijana kitako, lakini kwetu husomwa kwa Kiarabu, kisha khatibu akashuka mimbarini.

Vuli ikichelewa, Kibaha au Kisarawe, imamu asiishie kutangaza dua. Awatoe watoto wa madrasa uwanjani pamoja na wazazi wao, ziswaliwe rakaa mbili, na yule kijana wa kibandani aitwe kwa jina lake aje kutandika mikeka.