Acheni Kunakili R > 95

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikinyamaza kuna kazi imenibana. Leo nimerudi, tena nimerudi na ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na waandishi wenzangu wa programu, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo wacha nianze na aibu yangu.

Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo, jina sitalitaja, kilichotaka programu ndogo ya kupiga picha za wanachama kwa ajili ya kadi. Kamera ya bei nafuu inakaa juu ya kompyuta, mwanachama anaketi, programu inatafuta uso. Ikiupata inakata picha na kuihifadhi. Isipoupata inaandika kwa maandishi mekundu: HAKUNA USO. Nilimaliza kwa siku nne. Nikajijaribu mwenyewe, nikawajaribu vijana wawili tunaokaa nao ofisi moja hapa Nairobi, nikaijaribu na picha za waigizaji wa filamu nilizopakua kwenye mtandao. Kila kitu sawa. Nikalipwa, nikasahau.

Baada ya mwezi hivi karani wa pale akanipigia simu. "Kaka, hii mashine yako inachagua watu." Nikacheka. Siku niliyokwenda kuona kwa macho yangu sikucheka. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kile kiti, mweusi tititi, koti limepigwa pasi, na skrini inasema HAKUNA USO. Karani akamwambia, "Mzee, hebu sogea kidogo upande huu." Akasogea. HAKUNA USO. "Mzee, tafadhali vua kofia." Akavua. HAKUNA USO. Mzee akanigeukia mimi (sijui alijuaje kwamba mwenye kosa ni mimi) akasema, "Kijana, kitambulisho cha serikali nilipigwa picha mara moja tu. Hii ya kukopa pesa zangu mwenyewe ni ya ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni maji ya kunde, na wale vijana wawili wa ofisini ni weupe kunishinda. Programu haikuwahi kukutana na mtu kama huyu mzee mpaka ilipofika kwake.

Sasa nisikilizeni, nieleze kilichotokea ndani.

Picha kwenye kompyuta ni vidoti vingi viitwavyo pikseli, na kila pikseli ni namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Huo ndio mfumo wa RGB ambao kila mtu hufundishwa siku ya kwanza. Na mimi, kama wengi wenu, nilipotaka kutafuta ngozi kwenye picha nilinakili masharti yanayozunguka kila mahali: nyekundu izidi 95, kijani izidi 40, buluu izidi 20, nyekundu izizidi zote mbili, tofauti ya namba kubwa na ndogo izidi 15, na tofauti ya nyekundu na kijani izidi 15. Pikseli ikitimiza yote, ni ngozi.

Chukua pikseli moja kutoka shavu la mtu mweusi: 78, 52, 41. Pitia masharti. Kijani 52, sawa. Buluu 41, sawa. Nyekundu ndiyo kubwa kuliko zote, sawa. Tofauti zote mbili, 37 na 26, sawa. Inakwama mahali pamoja tu, pale pa kwanza: 78 haifiki 95. Kwa maneno mengine, kila sharti linalohusu rangi ya ngozi limetimia, na mtu amefutwa na sharti lisilohusu rangi hata kidogo.

Maana hiyo 95 inauliza nini hasa? Namba za picha ya kawaida hazipandi sambamba na mwanga. Zimepindwa, ili ngazi nyingi zipewe sehemu zenye giza, ambako jicho ni jepesi kuona tofauti. Ndiyo maana 128, ambayo ungedhani ni nusu, ni asilimia 22 hivi tu ya mwanga wote. Ukiifungua 95 unapata kama asilimia 11, na 78 inatoa karibu asilimia 8. Basi sharti la R > 95 linauliza: je, mwanga mwekundu uliofika kwenye kamera kutoka hapa unazidi asilimia 11 ya ule wa juu kabisa? Hilo si swali la rangi, ndugu zangu. Ni swali la taa.

Na pale ofisini taa ilikuwa balbu moja, na dirisha liko nyuma ya kiti. Kamera ikiona dirisha linawaka inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso unazama gizani. Uso mweupe ukizama bado unabaki juu ya 95. Wa mzee haubaki.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Masharti hayo yalitoka kwa watafiti watatu wa Slovenia, Kovač, Peer na Solina, mwaka 2003, na wao waliandika wazi kwamba ni ya mwanga wa mchana uliosambaa sawasawa. Wakatoa hata masharti mengine kwa ajili ya picha za flashi. Sisi ndio tulionakili namba na kuacha maelezo. Ukinunua dawa ukatupa karatasi yenye maelekezo, usimlaumu mfamasia.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia kwa wenzangu. "Hesabu haibagui." "Nunua kamera nzuri." "Mwambie karani aweke taa." Tena husemwa kwa utulivu wa mtu ambaye mashine haijawahi kumwambia hana uso.

Hesabu haibagui, kweli. Lakini nani alichagua swali? Mwanga ni jambo moja na rangi ni jambo lingine, na RGB inayachanganya yote mawili ndani ya namba tatu. Ukiweka kizingiti kwenye namba iliyochanganywa, umeamua kuhusu yote mawili bila kujua. Hakuna aliyekaa kitako akapanga kuwafungia nje watu weusi. Alichagua mfumo wa rangi usiofaa kwa kazi hiyo, akajaribu kwa nyuso zilizokuwa karibu naye, akaona inafanya kazi. Kama mimi.

Kuhusu taa kuna ukweli nusu, na nitaukubali. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache, na pikseli za giza huwa na chengachenga nyingi. Lakini pikseli ya 78, 52, 41 haiko gizani kiasi hicho. Habari zote zimo. Tazama zinavyotokea ukihamia mfumo mwingine.

Kuna mfumo wa HSV, uliotungwa na Alvy Ray Smith mwaka 1978 ili wachoraji wa kompyuta wachague rangi kwa namna inayoeleweka na binadamu. Namba ya kwanza, H, ni rangi yenyewe, ikipimwa kama pembe kwenye duara: nyekundu iko 0, kijani 120, buluu 240. Ya pili ni kukolea kwake, na ya tatu ni ung'avu. Pikseli ya mtu mweusi ina H ya 18. Chukua pikseli ya mtu mweupe, 224, 172, 145. H yake ni 20 na nusu. Soma tena. Mmoja ana nyekundu ya 78 na mwingine 224, lakini kwenye duara la rangi wameketi benchi moja! Sasa wingu lipite, mwanga ushuke hadi karibu robo. Pikseli ya mtu mweusi inakuwa kama 39, 26, 20. H yake ni 19. Haijasogea.

Wengine watasema dawa ni kushusha 95 iwe 50. Jaribu na hiyo ya wingu. Nyekundu 39 imeshaanguka tena, kijani na buluu nazo chali, na hata ile tofauti ya nyekundu na kijani imekuwa 13, chini ya 15. Unafukuza kivuli chako.

Au tumia YCbCr. Mfumo huu una mizizi kwenye televisheni ya rangi. Mwaka 1953, Marekani ilipopitisha kanuni za televisheni ya rangi, ilibidi watu wenye seti za zamani za nyeusi na nyeupe waendelee kuona vipindi, kwa hiyo mwanga ukatengwa peke yake na rangi ikapakiwa pembeni. Y ni mwanga: asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani, 11.4 ya buluu, kwa sababu jicho letu huona kijani kuwa king'avu zaidi. Cb na Cr ni rangi. Kila picha ya kawaida ya JPEG kwenye simu yako imehifadhiwa hivyo, tena mara nyingi Cb na Cr zimepunguzwa hadi robo ya pikseli, na hujawahi kulalamika. Yaani kompyuta yako inatenganisha mwanga na rangi kila siku, halafu wewe unavichanganya upya ili uandike R > 95!

Mwaka 1999 Chai na Ngan walipendekeza ngozi itafutwe kwa Cb kati ya 77 na 127 na Cr kati ya 133 na 173. Pikseli ya mtu mweusi ina Cb ya 118 na Cr ya 142. Inapita. Ya mtu mweupe, 106 na 156. Inapita. Ile ya wingu, 123 na 135. Inapita, ingawa kwa kukwaruza mlango.

Na hapo pa kukwaruza pasikupite. Vitabu vingi husema YCbCr hutenganisha mwanga na rangi, basi. Si kamili. Mwanga unaposhuka, Cb na Cr huvutwa kuelekea 128, yaani kuelekea kijivu. Ukizidisha giza, mtu mweusi atakuwa wa kwanza tena kuangukia nje. HSV nayo ina ugonjwa wake: gizani kabisa H huanza kulewa. Pikseli ya 8, 5, 4 ina H ya 15. Ongeza kijani kwa moja tu, inakuwa 30. Punguza kwa moja, inakuwa 0. Kwa hiyo pikseli za giza kama hizo usizihukumu. Sema hujui, mwombe karani awashe taa. Kuna tofauti kubwa kati ya programu inayosema "mwanga hautoshi" na inayosema "hakuna uso". Ya kwanza inalaumu chumba.

(Kwa wanaotumia OpenCV: picha inasomwa buluu kwanza, si nyekundu, na H imekatwa nusu ili ienee kwenye namba moja, kwa hiyo 18 yetu itasomeka 9. Nilipoteza siku nzima hapo. Ukisahau kugeuza mpangilio, mtu wako anapata H ya 222, yaani umempaka buluu.)

Sasa nimalizie kisa. Nilipohamia H, mzee alionekana. Furaha! Lakini programu iliona pia uso kwenye mlango wa mbao, na mwingine kwenye mkoba wa ngozi wa karani. Mbao, udongo na ngozi ya ng'ombe vyote viko jirani na 20 kwenye lile duara. Nikakumbuka kisa cha Kodak. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na nyuso nyeusi zikatoka kama makaa. Waliosaidia kampuni ikaboresha rangi za kahawia kwenye filamu zake ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba mbao zao na peremende zao hazitofautiani kwenye picha. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu.

Mwishowe nilitupa kizingiti cha ngozi chote. Nikaweka kitafuta uso kilichofundishwa kwa nyuso nyingi, na rangi nikaiachia kazi inayoiweza: kabla ya kutafuta, naigeuza picha kuwa YCbCr, nasawazisha Y peke yake ili uso uliozama uinuke, Cb na Cr siziguse. Usisawazishe nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake. Uwiano wake utavurugika na mzee wa watu atatoka rangi ya zambarau.

Na msinijie na hoja kwamba siku hizi mitandao ya neva imemaliza tatizo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima huduma tatu za kibiashara za kutambua jinsia kwenye picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwemo. Kwa wanawake weusi, huduma iliyofanya vibaya zaidi ilikosea asilimia 34.7. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8 kwenye yoyote. Hao hawakuandika R > 95 popote. Walirudia tu kile nilichofanya mimi na vijana wawili wa ofisini, ila kwa bajeti kubwa.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi mwenye mradi wa mwaka wa nne, na wewe fundi unayeuza programu ya mahudhurio kwa shule: wikendi hii ukienda nyumbani, mpige nyanya yako picha kumi. Mbili uani, mbili sebuleni, mbili akiwa na dirisha mgongoni, na nne jikoni jioni. Zipitishe kwenye programu yako kabla hujaandika ankara.