Utepe Mmoja, Malipo Mawili

Utepe wa nishani ni kitambaa chenye upana wa vidole viwili, nao husema aliyeuvaa alitumikia wapi na kwa muda gani. Katika vita vilivyokwisha mwaka 1945 Serikali ya Uingereza ilizihesabu siku hizo kwa uangalifu mkubwa. Nyota ya 1939–1945 ilitaka kwa kawaida miezi sita katika uwanja wa vita. Nishani ya Ulinzi ilitaka mwaka mzima kwa askari aliyekaa ng'ambo mbali na mapigano. Nyota ya Burma, ambayo utepe wake ni wa buluu iliyoiva wenye mstari mwekundu katikati, walipewa waliopigana katika nchi ile.

Askari wetu wa Keya waliistahili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua kubwa, matope na malaria, hata mji wa Kalewa ukatwaliwa mwezi wa Desemba. Wengine hawakufika hata vitani. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa Februari 12, 1944, na watu karibu 1,300 wakafa.

Katika jambo la utepe hapakuwa na ubaguzi. Kitambaa alichovaa jenerali wa Kiingereza ndicho alichovaa askari wa Songea, na nyota waliyopewa wote wawili haikuandikwa jina la mtu. Lakini ulipofika wakati wa kiinua mgongo, rangi ya ngozi ilitazamwa. Nyaraka za Waingereza zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa askari mweupe wa makoloni ya Afrika alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika mwenye cheo kilekile. Wazee wetu wengi walikuwa wamekwisha kufa wasijue. Usawa, basi, ulitolewa pale tu usipogharimu fedha!

Leo vijana wetu huvuka mipaka chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na kwa kawaida siku 90 za utumishi humpatia askari nishani na utepe wake. Kule Semuliki, Kongo, Desemba 7, 2017, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Umoja huo huzirudishia nchi gharama za askari kwa kiwango kimoja, kwa tajiri na kwa maskini. Hilo ni jema. Lakini fedha hizo hupokewa na serikali ya nchi, si na askari mwenyewe, na hapo ndipo penye kazi yetu. Mwanachama amwonaye jirani yake mstaafu na utepe kifuani asiishie kumpongeza. Amwulize kama mafao yake yamelipwa yote, na mjane wa aliyeuawa aulizwe vivyo hivyo, na majibu yao yaletwe katika mkutano wa tawi.