Bawabu Si Karani

Kazi ya bawabu ni kongwe na yajulikana. Husimama mlangoni, humtazama ajaye, humpisha au humrudisha, kisha humsahau. Leo, katika miji kadhaa ya dunia, bawabu wa vilabu vya usiku amegeuzwa karani. Hatosheki na kutazama, hunakili. Wala hasahau, huhifadhi. Tunaambiwa kuwa huo ni ulinzi. Mimi nasema ni kuchukua kisicho chake, na hoja zangu ni hizi.

Tuanze na jimbo la Queensland, Australia, ambako jambo hili si hiari bali ni sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2017, baa na vilabu vilivyomo katika maeneo maalumu ya starehe, vyenye leseni ya kuuza vileo kupita saa sita ya usiku, vinalazimika kukipitisha kitambulisho cha mteja katika mashine. Mashine hunakili jina, tarehe ya kuzaliwa na picha, ikavilinganisha na orodha ya waliopigwa marufuku. Taarifa hizo hukaa siku 30 ndipo zifutwe.

Sikatai kwamba sababu iliyotolewa ni nzito. Vijana wamepigwa, na wengine wameuawa, katika mitaa ya starehe ya nchi ile. Na mzazi aliyempoteza mwanawe hawezi kuambiwa kwamba shauri lake ni dogo. Lakini uzito wa maradhi haufanyi kila kichungu kuwa dawa. Umri wa mtu hujulikana kwa kukitazama cheti chake. Aliyepigwa marufuku hujulikana kwa kuitazama orodha. Kwa nini basi, ili apatikane mmoja aliyekatazwa, waandikwe mamia wasio na kosa?

Swali hili limekwisha kuulizwa mbele ya wenye mamlaka. Mwaka 2008, Kamishna wa faragha wa jimbo la Alberta, Kanada, alikiamuru kilabu kimoja cha Calgary kiache kunakili leseni za udereva za wateja, kwani hakikuleta ushahidi kwamba kufanya hivyo kulipunguza fujo. Mwaka uliofuata mwenziwe wa British Columbia alitoa amri dhidi ya kilabu cha Vancouver kwa mtindo kama huo. Na matokeo? Mwaka 2009 huohuo watunga sheria wa Alberta wakaibadili sheria, vilabu vikaruhusiwa kuchukua jina, umri na picha. Hoja iliposhindwa kwa ushahidi, ilipitishwa kwa kura.

Watetezi hujibu kwamba taarifa zimefungiwa, hazitoki. Mwezi Mei 2024 ilibainika huko Australia kwamba taarifa zilizokusanywa milangoni mwa vilabu vya New South Wales na vya eneo la mji mkuu, kupitia kampuni moja ya teknolojia, zilikuwa zimevuja. Waliozianika walidai kuwa na kumbukumbu zaidi ya milioni moja. Mtu akiibiwa ufunguo hubadili kitasa. Je, akiibiwa sura na tarehe ya kuzaliwa, atabadili nini? Na mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, ambaye usalama wake wote umo katika kutojulikana alipo, atamdai nani?

Najua yupo msomaji wa pwani atakayesema: hayo ni ya walevi na wacheza dansi, sisi hayatuhusu, waache waaibike. Huyo namkumbusha simulizi aijuayo. Husimuliwa kwamba Sayyidna Omar aliparaga ukuta wa nyumba usiku, akawakuta watu katika ulevi. Mwenye nyumba akamwambia kwamba yeye amekosa mara moja, ilhali Khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakupiga hodi. Omar akamwacha. Simulizi hii haihalalishi ulevi hata chembe. Inafundisha kuwa sitara si tuzo ya wacha Mungu peke yao. Ni haki ya mtu, hata aliye kosani.

Isitoshe, sisi wa Afrika Mashariki tunao ukumbusho wetu. Katika koloni la Kenya, tangu mnamo 1920 hadi miaka ya 1940, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, kikining'inia shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Nacho kilielezwa kuwa ni utaratibu tu. Tofauti ya kipande na mashine ya leo ni kwamba kipande mtu alikihisi uzito wake.

Wala tusidhani kwamba mlango huu uko mbali. Jijini Nairobi mgeni hachelewi kuombwa kitambulisho na nambari ya simu langoni pa jengo, navyo vikaandikwa katika daftari lililo wazi kwa kila ajaye. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilikitoza kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Sheria ipo, ya Kenya ni ya mwaka 2019, ya Tanzania ya mwaka 2022. Kinachokosekana ni desturi ya kuuliza: unaandika kwa nini, na utakifuta lini?

Ninachodai si kikubwa. Bawabu na atazame cheti, akirudishe mkononi mwa mwenyewe. Orodha ya waliokatazwa iwe na waliokatazwa tu, na kila aliyemo apewe nafasi ya kujitetea. Waliobaki waingie na watoke bila kuacha nakala ya nafsi zao nyuma ya kaunta. Atakayesema kwamba ulinzi hauwezekani kwa masharti hayo, na alete ushahidi ambao Calgary haukupatikana.